Vifuniko vya chupa na mbegu za maharage: namna ya kufundisha kifungo cha kemia bila laboratwari



Mimi niko na lisansi ya agronomia, lakini asubuhi hamtanikuta shambani. Mtanikuta mbele ya tablo, mu shule moja ya sekondari hapa Bukavu, nikifundisha shimi na biolojia. Wengi kati yetu wanajua hayo maisha: ulisomea udongo na mimea, kazi ya udongo haikuonekana, prefe mmoja akakuambia "njoo utusaidie na shimi", ukakubali. Hiyo hainipi aibu. Aibu niliipata mu kalasi, siku moja, na ndiyo nataka kuwaeleza leo, ju inaweza kumsaidia mwenye anafundisha na hata mwenye bado anasoma.

Nilikuwa nimefundisha vifungo vya kemia, vile ambavyo vitabu vyetu vinaita liezoni. Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Niliandika tafsiri ya kifungo cha ioni, wakanakili. Nikaandika tafsiri ya kifungo cha kovalenti, wakanakili. Kisha nikachora H–H, H–Cl na, kwa haraka yangu, Na–Cl. Mstari uleule kwa vyote. Juma lililofuata nikatoa enterogasyo: chora chumvi ya jikoni. Zaidi ya nusu ya kalasi walichora Na, mstari, Cl. Nikakasirika, nikawaambia hawasomi.

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama chumvi ni Na moja na Cl moja zimeshikana mkono, ju ya nini punje ya chumvi iko na kona? Na ukiipiga, ju ya nini inavunjika mu vipande vyenye kona tena?"

Nikamjibu: "Mama, kaa, hiyo mtaiona ku iniveriste."

Mimi nilikuwa nimetoka ku iniveriste, na sikuiona. Jioni nilifungua kaye zangu za zamani. Formula zote zilikuwa pale, zimeandikwa vizuri, na mimi sikuweza kumjibu mtoto wa sekondari. Nilikuwa nimeweka kila kitu kwa kichwa kwa ajili ya ekzame, na kisha kikatoka. Sasa nilikuwa naanza kupitisha ugonjwa huohuo kwa wengine. Toka siku hiyo nilibadilisha somo. Sikupata laboratwari, ju haiko. Nilipata vifuniko vya chupa, mbegu, puto na betri.

Tuanze na swali lenyewe: somo hili linajaribu kujibu nini? Linajibu jambo moja tu: elektroni za nje za atomu zinaenda wapi wakati atomu mbili zinakutana? Kama moja inamwachia mwenzake elektroni, tunapata ioni. Kama zinatumia elektroni pamoja, tunapata kovalenti. Mstari wa chaki hauonyeshi elektroni, ndiyo maana wanafunzi wangu hawakuweza kutofautisha. Walichora kile ambacho mimi niliwachorea. Kosa lilikuwa langu.

Kitu cha kwanza: vifuniko na mbegu

Pita ku nganda yoyote, omba vifuniko vya chupa. Watakupa bure. Chukua rangi mbili: kwangu Primus ni sodiumu, Fanta ni klorini. Kifuniko kinawakilisha atomu pamoja na elektroni zake za ndani, zile ambazo hazishiriki. Mbegu ni elektroni za nje. Ninatumia mahindi kwa sodiumu na maharage kwa klorini, ili jicho liweze kufuata kila elektroni ilitoka wapi.

Sodiumu iko na elektroni 11: 2, kisha 8, kisha 1. Weka basi punje 1 ya mahindi kando ya kifuniko chake. Klorini iko na 17: 2, kisha 8, kisha 7. Weka maharage 7. Sasa waambie wanafunzi wasogeze ile punje ya mahindi kutoka kwa sodiumu hadi kwa klorini, kwa mkono wao wenyewe. Hapa usiharakishe. Waulize: sodiumu imebaki na nini? Iko na protoni 11 na elektroni 10. Ni nani iko nyingi? Wenyewe watasema ni protoni. Basi waandike + juu ya kifuniko. Klorini iko na protoni 17 na elektroni 18: waandike –.

Sasa angalisho, ju hapa wengi tunapotea. Kile kitendo cha kusogeza punje hakijawa kifungo bado. Kifungo ni ule mvuto kati ya + na –, na mvuto huo hauchagui rafiki mmoja. Ioni ya sodiumu inavuta kila ioni ya klorini iliyo karibu, upande wa kushoto, wa kuliA, mbele, nyuma, juu na chini.

Kwa hiyo hatua ya pili ni kukusanya vifuniko vya makundi yote juu ya meza moja kubwa. Kalasi yangu iko na makundi 12, kila kundi linaleta jozi 3, jumla vifuniko 72. Tunavipanga mu mistari 6 yenye vifuniko 12, + na – zikipishana, hakuna + inayogusana na + kwa ubavu. Kisha ninauliza: "Nionyesheni molekuli ya NaCl iko wapi." Mmoja anashika jozi hii, mwingine anashika ile, wanaanza kubishana. Ni mabishano mazuri sana, ju hakuna mwenye haki. Kila kifuniko cha katikati kimezungukwa na majirani 4. Ukiongeza tabaka moja juu na moja chini, majirani wanakuwa 6. Chumvi haiko na molekuli. NaCl inatuambia tu hesabu: moja kwa moja.

Na swali la yule msichana? Sukuma mstari mmoja wa vifuniko kwa nafasi moja. Sasa + inatazamana na +, na – inatazamana na –. Zinasukumana, na punje inapasuka kwa mstari ulionyooka. Ndiyo maana inavunjika ikiwa na kona tena. Siku nilipofanya hivyo mbele yake nilimwomba pia msamaha kwa jibu la "mtaiona ku iniveriste". Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, aliandika.

Kovalenti: ukuta wa nyumba mbili

Kwa hidrojeni, weka vifuniko viwili, kila kimoja na punje 1. Hakuna anayeachia mwenzake. Punje zote mbili zinawekwa katikati, na kila atomu inazihesabu zote mbili.

Hapa mwanafunzi mmoja alipinga kabisa: "Mwalimu, unazihesabu mara mbili, hiyo ni wizi!" Nikamuuliza nyumba yao iko wapi. Yuko anaishi mu moja ya zile nyumba za mlimani zenye kushikamana. "Ule ukuta kati yenu na jirani ni wa nani?" Akasema ni wa wote wawili. "Ukihesabu kuta za nyumba yenu unauhesabu?" Ndiyo. "Na jirani?" Naye anauhesabu. "Kuko wizi?" Akakaa.

Kisha maji. Oksijeni iko na elektroni 6 za nje, kila hidrojeni 1. Wanaweka jozi mbili za kushirikiana, na maharage 4 yanabaki kwa oksijeni peke yake, jozi mbili ambazo hazijaungana na mtu. Wasiyatupe yale 4! Tutayahitaji kwa umbo.

Baadaye kaboni dioksaidi: kaboni iko na 4, kila oksijeni 6. Wanafunzi wanajaribu jozi moja kila upande, wanahesabu, haitoshi. Wanaongeza ya pili. Hakuna aliyewaambia "kifungo mara mbili", wamekifika wenyewe. Hapo ninawakumbusha mazuku, ile gesi inayojikusanya mu mabonde karibu na Goma na Sake, yenye inaua mbuzi na hata watu. Sehemu yake kubwa ni hii kaboni dioksaidi. Molekuli yake iko na uzito wa 44, wakati hewa kwa wastani iko karibu 29, ndiyo maana inalala chini. Mtoto aliyepanga vifuniko vitatu juu ya meza anajua sasa anazungumzia kitu kinachoua nyumbani kwao.

Mwisho naitrojeni: 5 na 5. Lazima washirikiane jozi 3. Kwa mtu wa agronomia hii ndiyo picha kubwa kuliko zote. Hewa iko na naitrojeni karibu asilimia 78, na mahindi yanakuwa manjano kwa kukosa naitrojeni. Inawezekana namna gani? Ni ju ya zile jozi 3. Kuzivunja kunadai nguvu nyingi sana. Kiwanda cha mbolea kinatumia joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi na msukumo mkubwa. Bakteria wa mu vifundo vya mizizi ya maharage wanafanya kazi hiyohiyo kwa joto la kawaida la udongo, lakini wanailipa na sukari ya mmea. Ninaleta mzizi wa maharage mu kalasi, waone vifundo. Maharage juu ya meza na maharage ya shamba yanakutana.

Kitu cha pili: puto nne

Vifuniko viko na kasoro: vinalala juu ya meza, basi kila molekuli inaonekana bapa. Kosa hilo ni la zamani. Mwaka 1865, mu London, mkemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann alionyesha molekuli kwa mipira ya mchezo wa kroketi yenye rangi, iliyounganishwa na vijiti. Kaboni ilikuwa nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, na rangi hizo zingali zinatumika hadi leo. Lakini metani yake ilikuwa bapa kama msalaba. Mwaka 1874 Mholanzi Jacobus van 't Hoff ndiye aliyeeleza kwamba vifungo 4 vya kaboni vinaelekea pembe nne za piramidi, na alitengeneza vipiramidi vya karatasi akavituma kwa wenzake ili waelewe. Mu 1901 alipata zawadi ya Nobel ya kwanza ya kemia. Sikilizeni basi: karatasi na mipira ya mchezo havikuwa vitu vya watoto. Wakubwa wenyewe walivihitaji.

Fanya hivi. Jaza puto mbili sawasawa, zifunge pamoja kwa shingo: zinaelekea pande mbili, mstari ulionyooka. Ni kaboni dioksaidi. Funga tatu: zinafanya pembetatu bapa. Funga nne, uziachilie: hazitakaa msalaba, zitajipanga zenyewe kama piramidi, kila moja mbali na wenzake kadiri inavyoweza. Ni metani, ile gesi iliyo nyingi mu vilindi vya ziwa Kivu letu. Kati ya kifungo na kifungo kuna nyuzi 109.5.

Sasa kwa maji chukua puto nne tena, mbili nyeupe na mbili za rangi. Nyeupe ni vifungo vya hidrojeni, zile za rangi ni yale maharage 4 niliyokataza kutupa. Uliza: "Mkiangalia nyeupe tu, zimenyooka?" Hapana, zimepinda. Kwa maji pembe ni nyuzi 104.5, imebanwa kidogo ju jozi zisizoungana zinasukuma zaidi. Maji yangekuwa yamenyooka, upande mmoja haungekuwa na – na mwingine +, na yasingeyeyusha chumvi vile yanavyoyeyusha.

Kitu cha tatu: taa ndogo

Picha bila ushahidi ni hadithi tu. Chukua betri 3 za tochi, uzifuate moja nyuma ya nyingine, utapata volti 4.5. Toa taa ndogo ya LED nyekundu mu tochi iliyoharibika, na nyaya mbili. Ingiza ncha za nyaya mu chumvi kavu: taa hailali wala haiamki, haiwaki kabisa. Mu maji ya mvua yenye sukari: haiwaki. Mu maji ya mvua yenye chumvi nyingi: inawaka. Tumia maji ya mvua, ju ya bomba na ya kisima yako na madini na yanaweza kudanganya jaribio. Usijaribu kamwe na umeme wa nyumba. Na usiache muda mrefu, ju maji ya chumvi yanaanza kutoa gesi ya klorini kidogo.

Rudi sasa ku vifuniko. Mu chumvi kavu ioni zimebanwa, haziwezi kutembea. Mu maji zinaachana, zinatembea, umeme unapita. Sukari inayeyuka pia, lakini molekuli zake zinabaki nzima bila + wala –. Ukiwa na mbabula, weka chumvi mu kijiko kimoja na sukari mu kingine juu ya makala. Sukari inalainika na kuwa kahawia haraka. Chumvi inabaki vilevile, ju inahitaji nyuzi 801 ili iyeyuke.

Sema picha inadanganya wapi

Hii ndiyo sehemu niliyoisahau mwaka wa kwanza, na nililipa. Wanafunzi walianza kuniandikia kwamba sodiumu "iko na elektroni ya mahindi". Basi sasa kila mwisho wa somo tunaandika mu kaye kichwa kimoja: picha yetu inadanganya wapi? Wao ndio wanatafuta majibu.

Elektroni hazikai kimya kama mbegu, na haziko na aina mbili: zote ni sawa. Atomu za kweli hazilingani ukubwa kama vifuniko. Puto inaonyesha mwelekeo, haionyeshi elektroni yenyewe. Hesabu ya 8 inasaidia sana, lakini siyo sheria ya Mungu: boroni mu BF3 inabaki na 6. Na atomu haiko na hamu. Tunapenda kusema "klorini inataka elektroni moja", lakini haitaki kitu. Ni nguvu za umeme zinazovuta, na mpango ule wa mwisho uko na nishati ndogo kuliko ule wa mwanzo.

Kwa hiyo neno la nishati nimeongeza sumaku mbili kutoka kwa radio iliyokufa. Kuziachanisha kunakudai nguvu, zikikutana zinalia "tap" na kuachia nguvu. Hata sisi wenye lisansi tunasema mara nyingi kwamba kuvunja kifungo kunatoa nishati. Ni kinyume. Kuvunja kunadai, kuungana kunatoa. Moto wa makala unatupa joto ju vifungo vipya vinavyoundwa vinatoa zaidi ya kile vya zamani vilidai.

Ju ya nini ninawaandikia

Mtu anaweza kusema: ekzeta iko na maswali ya kuchagua, mtoto akariri tu, apite. Nilifikiri hivyo. Lakini mimi mwenyewe nilikariri, nikapita, nikapata lisansi, na nilikuwa naandika formula ya urea bila kujua inamaanisha nini shambani. Urea ni kovalenti. Ikiyeyuka mu maji haitoi ioni, basi udongo wa mfinyanzi wenye – hauwezi kuishika vizuri, na mvua kubwa ikinyesha mapema inaweza kuiosha. Ni baada ya viumbe vya udongo kuigeuza kuwa amoniumu, yenye +, ndipo udongo unaishika. Ikigeuka tena kuwa nitrati, yenye –, inaoshwa upya. Mkulima aliyenunua mfuko mmoja kwa pesa za mwaka mzima anahitaji mtu anayejua hayo. Kama yule enjeniere anayemshauri alichora tu mistari mu kaye, hasara ni ya mkulima.

Mu enterogasyo ya mwaka uliofuata niliweka swali lilelile: chora chumvi ya jikoni. Wachache tu walichora mstari. Wengine walichora uwanja wa + na –. Msichana mwingine, ambaye alifukuzwa ju ya minerivali siku ya somo, alichora vizuri pia. Nikamuuliza nani alimfundisha. Akajibu: "Rafiki yangu alinionyesha na vifuniko, ku mlango wa nganda."

Basi, wewe mwenye unafundisha kesho, usingoje laboratwari. Anza na vifuniko 2, punje 1 ya mahindi na maharage 7. Mwache mwanafunzi asogeze punje mwenyewe, umuulize nani amebaki na +, na kabla kengele haijalia mwambie picha inadanganya wapi. Na akikuuliza swali usilolijua, usimtume ku iniveriste. Mwambie "nitatafuta", na utafute kweli.